Majani ya zabibu yanaungua ukingoni: ni potasiamu, chumvi ya kisima, au mzabibu umechoka?

#1 Kichala_Chekundu
Wakuu heshima kwenu. Nina shamba la zabibu Mpunguzi, Dodoma, aina ya Makutupora nyekundu, udongo wa kichanga chekundu, namwagilia matone kutoka kisima kirefu. Baada ya mavuno ya mwezi wa tatu nilipogoa tena ili nivune Agosti. Sasa vichala vimejaa, punje zinakaribia kubadili rangi, na majani yameanza kuungua kuanzia ukingoni kuja ndani. Yanakuwa kahawia na kujikunja, ukilishika linavunjika mkononi. Mistari iliyo karibu na tenki ina afadhali. Ya mwisho kabisa huko chini ndiyo hali mbaya.

Afisa ugani kapita kasema ni upungufu wa potasiamu. Muuza pembejeo nimemwonyesha picha, kasema magnesiamu, akanitolea na chupa ya kupulizia hapo hapo. Jirani yangu anasema ni chumvi ya kisima, eti nitaua shamba lote. Mbolea niliyotia ni samadi ya ng'ombe, mfuko mmoja wa NPK (naitrojeni, fosforasi, potasiamu) 17-17-17 kwa ekari wakati wa kupogoa, halafu urea kidogo machipukizi yalipofika urefu wa mkono.

Yupi yuko sahihi? Hela ya kubahatisha sina.

#2 Mtu wa Hombolo
Sikiliza jirani. Chumvi hiyo. Dodoma hii visima vingi vina ladha, na mzabibu hauna uvumilivu na chumvi kama watu wanavyodhani. Kabla hujanunua hata kilo moja ya mbolea, peleka maji yakapimwe EC, yaani kipimo cha chumvi kwa dS/m. Ikiwa chini ya 1 huna tatizo. Ikifika 1.7 hivi, tegemea mavuno kupungua sehemu moja ya kumi. Ikifika 2.7, robo ya mavuno imeondoka. Hivyo ni viwango vinavyotumika duniani kote kwa zabibu.

#3 Nyamaza Ukue
Watu wa Hombolo bwawa lenu limewafundisha kuona chumvi kila mahali. Hata jani likitobolewa na panzi mtasema chumvi.

#4 Bwanashamba Mstaafu
Mleta uzi, kabla ya kubishana tuambie: ni majani YAPI? Ya chini kabisa ya tawi, ya katikati, au ya kileleni? Picha ya jani moja lililochumwa haina msaada, ndiyo maana watatu hao wamekupa majibu matatu.

Kwa kawaida iko hivi. Magnesiamu ikipungua, mmea huinyang'anya kwenye majani ya zamani, yale ya chini kabisa, na kuipeleka juu. Njano huingia kati ya mishipa kama kabari, mishipa yenyewe inabaki kijani. Potasiamu huanzia majani ya katikati ya tawi: ukingo unafifia kwanza, unakuwa njano, ndipo unaungua na jani kujikunja. Kadiri vichala vinavyokuwa vingi ndivyo inavyozidi. Chuma ni kinyume chake, kinaonekana kwenye majani machanga ya kileleni, njano tupu na mishipa ya kijani, hasa penye chokaa nyingi ardhini. Chumvi nayo huunguza ukingo wa majani ya zamani, na mara nyingi mpaka kati ya sehemu iliyokufa na sehemu ya kijani ni mkali, ile hatua ya njano huioni vizuri.

Nenda shambani na hayo kichwani, kisha rudi.

#5 Kichala_Chekundu
Asante mzee wangu. Ni ya katikati zaidi, ila hata ya chini yapo. Njano ipo kidogo kwenye baadhi, mengine yanaruka moja kwa moja kwenye kahawia. Mizabibu yenye vichala vingi ndiyo imeungua zaidi, hilo ni kweli kabisa. Upande wa mistari ya chini hata yenye vichala vichache imeungua.

#6 Mama Veyula
Basi una mambo mawili kwa pamoja. Mbona watu hatutaki kukubali kwamba shamba moja linaweza kuumwa maradhi mawili?

#7 Hesabu za Shamba
Mimi nataka niweke namba, maana uzi wa mbolea bila namba ni ramli.

Tani moja ya zabibu ikitoka shambani inaondoka na takriban kilo 1.5 za naitrojeni, fosforasi robo kilo na ushee, na potasiamu kilo 2.5. Angalieni hapo: potasiamu inaipita naitrojeni. Ukivuna tani 5 kwa ekari umetoa potasiamu kilo 12.5. Huku kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kilo 25. Mfuko mmoja wa 17-17-17 wa kilo 50 unarudisha kilo 8.5. Tena kaweka mfuko mmoja tu. Miaka inavyokwenda hilo ni deni, na samadi isipolilipa litaonekana kwenye jani. Afisa ugani yuko sahihi.

#8 Maabara ya Mtaani
Mkuu #7, hesabu yako nzuri ila hapo kwenye 8.5 rekebisha. Namba ya tatu kwenye mfuko si potasiamu yenyewe, ni oksidi yake, K2O. Ili upate potasiamu halisi unazidisha kwa 0.83. Kwa hiyo mfuko huo una kilo 7 tu. Fosforasi ndiyo inapungua zaidi, unazidisha kwa 0.44. Ile mbolea ya kupandia, DAP ya 18-46-0, watu wanadhani ina fosforasi asilimia 46, ina kama 20.

Hoja yako inabaki pale pale, tena inapata nguvu.

#9 Hesabu za Shamba
Nimekupata mkuu, shukrani. Deni limeongezeka.

#10 Ng'ombe wa Chamwino
Mnasahau samadi. Ekari yangu napeleka malori, sinunui potasiamu na majani yangu hayana shida. Baba yangu alilima zabibu kwa samadi ya zizini tangu enzi zile tunauza kwa kiwanda cha serikali, hakujua K2O ni nini.

#11 Bwanashamba Mstaafu
#10, samadi ni msingi wa Dodoma, sipingi hata kidogo. Udongo wetu mboji yake ni ndogo mno, usipotia samadi hata maji hayakai. Ila uliza samadi ILIYOLALA WAPI. Potasiamu ya ng'ombe sehemu kubwa inatoka na mkojo, na inayeyuka. Zizi lisilo na paa likipigwa na masika mawili, potasiamu imekwenda korongoni. Naitrojeni nayo imepaa kama hewa kwa jua la mchana. Unachopakia kwenye fuso ni mboji nzuri na mchanga mwingi, lakini nguvu imepungua sana. Samadi ya mbuzi iliyokaa chini ya banda lenye paa ni mali nyingine kabisa.

Na samadi mbichi au kavu isiyooza inaita mchwa. Mmeona wenyewe mchwa wanavyopanda kwenye mashina ya mizabibu kipindi cha kiangazi.

#12 Mama Veyula
Nakazia hapo kwa mchwa. Mimi samadi naiozesha kwenye shimo, nafunika na majani na kuinyunyizia maji. Ile ya moja kwa moja kutoka zizini siigusi tena.

Swali dogo: matawi mnayopogoa mnapeleka wapi? Maana hapa kijijini watu wanabeba kuni.

#13 Hesabu za Shamba
Ndiyo hivyo mama, potasiamu nyingine inatoka hapo. Matawi yakibaki shambani yamekatwakatwa, yanarudisha. Yakichomwa, naitrojeni inapaa ila potasiamu inabaki kwenye majivu. Yakienda jikoni kwa mtu, yote yamekwenda.

#14 Kijana wa Ihumwa
Kwa hiyo tumwage majivu? Bibi alikuwa anamwaga majivu ya jikoni kwenye shina la mpapai na ulikuwa unazaa hasa.

#15 Maabara ya Mtaani
Majivu yana potasiamu kweli, ila yana chokaa pia, yanapandisha pH, yaani kipimo cha asidi: ikishuka asidi imezidi, ikipanda asidi imepungua. Kama udongo wako una asidi, bibi yako alikuwa mtaalamu. Kama udongo wako tayari una magadi, pH inazidi 8, utafungia chuma, zinki na fosforasi, halafu uanze kulalamika majani ya kileleni ni njano. Pima pH kwanza. Dodoma si moja: udongo mwekundu wa miinuko ni tofauti na udongo mweusi wa mbugani.

#16 Mkulima wa Kericho
Salamu kutoka Kenya ndugu zangu. Huku kwetu shida ni asidi. Chai yenyewe inaipenda, pH 4.5 mpaka 5.8 hivi, tunaweka NPK ya 26-5-5 na inakubali. Lakini mahindi yaliyo kando ya chai, DAP ya miaka mingi imeuchosha udongo, ikabidi tuweke chokaa. Nawashauri mwache DAP.

#17 Nyamaza Ukue
Kaka karibu sana, ila usituletee chokaa Dodoma, utatumaliza.

#18 Bwanashamba Mstaafu
Kericho wako sahihi kwa Kericho. Kinachouharibu udongo wenye asidi ndicho kinachoweza kuusaidia udongo wenye magadi. SA, yaani ammonia salfeti, ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, na inashusha pH kuliko mbolea nyingine za naitrojeni. Kwenye chai au kahawa ya mlimani ukiiweka mfululizo utajuta, kwenye shamba la mbugani Dodoma ina faida.

Mfano mwingine ni fosfeti ya Minjingu, mali yetu wenyewe kutoka kule karibu na Ziwa Manyara. Ikisagwa na kuwekwa kwenye udongo wa asidi inayeyuka polepole na inafanya kazi vizuri. Ukiiweka ikiwa ghafi kwenye udongo wenye pH 8 inakaa hapo kama kokoto.

Na kwa aliyetia urea: ukiimwaga juu ya udongo mkavu wenye magadi, jua likiwaka, sehemu kubwa inapotea kama amonia. Ifukie au imwagilie maji siku hiyo hiyo.

#19 Mtu wa Hombolo
Mmeikimbia chumvi wote. Naweka namba na mimi, kwa kuwa #7 anazipenda. Maji yenye EC ya 1 yana chumvi takriban gramu 640 kwa kila lita elfu moja. Zidisha kwa lita unazotoa kisimani msimu mzima wa kiangazi. Mzabibu unakunywa maji, chumvi unaiacha. Chini ya mstari wa matone inajikusanya pembeni mwa sehemu iliyolowa, na mvua ndogo ya kwanza inaisukuma kurudi kwenye mizizi. Huyu ndugu anavuna Agosti, maana yake toka Aprili hajapata mvua ya kuisafisha.

Sasa mnamwambia anunue potasiamu. Duka litamuuzia ipi? Ile nyekundu, potasiamu kloridi, kwa sababu ni rahisi. Karibu nusu ya uzito wake ni kloridi! Kama tatizo lake ni chumvi, amejimalizia mwenyewe.

#20 Hesabu za Shamba
Hapo #19 nakupa heshima yako. Kwa kisima chenye mashaka potasiamu iwe salfeti, yenye K2O asilimia 50. Kurudisha ile kilo 12.5 ya mavuno ya tani 5 unahitaji kilo 30 za salfeti, au kilo 25 za kloridi. Bei ya salfeti inauma, ila shamba la mizabibu si mahindi kwamba mwakani utapanda tena.

#21 Kijana wa Ihumwa
Je ile ya kupulizia? Duka wanasema majani yanakula haraka.

#22 Maabara ya Mtaani
Yanakula, lakini kwa kijiko. Chukua potasiamu naitreti ya 13-0-46. Pipa la lita 200 kwa asilimia 1 lina kilo 2 za mbolea. Humo potasiamu ni kama robo tatu ya kilo. Wewe unadaiwa 12.5. Pulizia mara ngapi?

Ya kupulizia ina maana kwa vile vinavyohitajika kwa gramu: zinki na boroni. Zinki ikipungua majani yanabaki madogo, machipukizi mafupi, na kichala kinakuwa na punje kubwa na ndogo zimechanganyika. Boroni ikipungua maua hayafungi vizuri. Ila boroni ni ya kuogopa, kati ya kutosha na sumu hakuna nafasi kubwa. Na visima vya nchi kavu vinaweza kuwa na boroni yake tayari. Usipulizie kwa sababu jirani kapulizia.

#23 Parachichi Njombe
Sisi huku boroni na zinki kwenye maua ya parachichi ni lazima, ila udongo wetu ni wa mvua nyingi, umeoshwa. Ni vizuri umesema hilo la visima.

#24 Mvinyo wa Nyumbani
Naomba niingie kwa upande wa wanaosindika, maana mnapanga kumwaga potasiamu bila kufikiri inaishia wapi. Inaishia kwenye punje. Potasiamu ikizidi kwenye juisi, inaifunga asidi ya tartariki na kuiangusha chini kama fuwele. pH inapanda, rangi ya mvinyo mwekundu inafifia kuelekea zambarau iliyokufa, na bakteria wanapata nafasi. Makutupora nyekundu inayolimwa kwenye joto letu asidi yake tayari haina ziada.

Naitrojeni nayo, ikiwa ndogo mno kwenye juisi, hamira inakwama katikati, sukari inabaki na pipa linanuka yai bovu. Ikizidi shambani, mmea unatoa majani matupu, kivuli kinaingia kwenye vichala, ubwiriunga (ule ukungu mweupe) unashamiri, na macho ya matawi yaliyokaa gizani hayazai msimu unaofuata. Kwa hiyo wakati jirani anajisifu mizabibu yake ni kijani kibichi kama msitu, mimi huwa naogopa kununua.

#25 Ng'ombe wa Chamwino
Sasa tuweke au tusiweke? Mkulima anauza kwa kilo, si kwa pH.

#26 Mvinyo wa Nyumbani
Weka inayolingana na ulichovuna. Mimi napinga kuweka kwa hofu. Jani likiungua Julai na ukamwaga mfuko mzima Julai, jani hilo halifufuki, na potasiamu inakwenda kwenye punje ambazo zimebakiza wiki chache.

#27 Mzee wa Bihawana
Nimesoma wote. Mnazungumza udongo na maji, hakuna aliyezungumza mzabibu wenyewe.

Mimi nimekulia pembeni ya misheni, zabibu za kwanza huku zililimwa na mapadre, na nimeona mashamba yakizeeka. Mzabibu unaanza kuchipua kwa akiba iliyoko kwenye shina na mizizi. Mpaka maua yanatokea, chakula kingi ni kile ulichokiweka msimu uliopita. Majani yanapobaki baada ya kuvuna, ndiyo yanajaza ghala tena, na mizizi inaendelea kunyonya kama maji yapo. Nchi za baridi mmea unapata muda huo kabla majani hayajadondoka, halafu unalala. Wa kwetu haulali. Sisi ndio tunaulaza kwa kuunyima maji, na kuuamsha kwa mkasi.

Mleta uzi kavuna mwezi wa tatu. Kapogoa lini? Kama ni baada ya wiki moja au mbili, basi kakata yale majani kabla hayajafanya kazi ya akiba. Mmea umeingia kwenye vichala vya Agosti ghala likiwa tupu. Punje zinapoanza kulainika zinavuta potasiamu kwa nguvu, mizizi haina uwezo, basi jani linanyang'anywa. Utaita potasiamu, na maabara itakuambia potasiamu, lakini kisa ni uchovu.

#28 Kichala_Chekundu
Mzee shikamoo. Ni kama wiki mbili hivi kweli. Huku wote tunawahi, tukichelewa tunaingia Oktoba na joto, halafu msimu wa mvua unatukuta hatujajipanga.

#29 Mzee wa Bihawana
Marahaba mwanangu. Najua kwa nini mnawahi, sikulaumu. Basi kama unawahi, punguza vichala mapema, maua yakishafunga. Kata vile vidogo na vilivyo kwenye matawi dhaifu. Na mbolea ya baada ya mavuno ya Agosti usiikose, weka huku majani bado mabichi, umwagilie, uache mmea ukae na majani yake mpaka ukaribie mvua za Desemba.

#30 Hesabu za Shamba
Mzee nakuheshimu, ila kupunguza vichala unamwambia mtu akate hela. Msimu wa Agosti ndio wenye sukari nzuri na punje haziozi kwa mvua. Bora arudishe alichotoa kuliko kuvuna nusu.

#31 Mzee wa Bihawana
Atavuna zaidi ya nusu, na shamba litadumu. Vinginevyo mnapanda upya kila baada ya miaka michache mnasingizia mbegu.

#32 Muleba Kibanja
Hili la kuhamisha rutuba tunalijua sana Kagera. Kibanja cha migomba kilidumu vizazi kwa sababu ng'ombe walilisha rweya, yaani nyika ya nyasi, mchana, usiku wanalala nyumbani, samadi inaingia kwenye mgomba. Nyasi za rweya zinakatwa na kutandazwa chini. Yaani kibanja kimenona kwa kuikamua rweya. Ng'ombe walipopungua, ndizi zikaanza kutoka sokoni kwa malori huku hakuna kinachorudi, na ndizi ni mlaji mkubwa wa potasiamu kuliko hata zabibu zenu. Sasa jiulizeni, samadi ya Dodoma inayobebwa na fuso inatoka malisho ya nani?

#33 Ng'ombe wa Chamwino
Swali zito. Huku wafugaji wameanza kuiuza kama wanavyouza maziwa, na bei inapanda kila mwaka.

#34 Korosho Newala
Naombeni nichepushe kidogo. Nyie mnapuliza salfa ya unga kwenye zabibu kwa ajili ya ubwiriunga? Sisi huku kwenye mikorosho tumeipuliza miaka na miaka. Inayodondoka chini, bakteria wanaigeuza kuwa asidi, na kichanga chetu hakina cha kuizuia. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele walishalisemea hilo la udongo kuwa na asidi chini ya mikorosho. Kwenu inakuwaje?

#35 Maabara ya Mtaani
Kwenu kichanga kilichooshwa na mvua, asidi haina wa kupambana naye. Kwetu penye kabonati nyingi inamezwa tu, labda hata inasaidia kidogo. Kwenye kichanga chekundu cha Mpunguzi sina uhakika mwenye shamba atapenda ikiendelea miaka ishirini. Sababu nyingine ya kupima pH mara kwa mara.

#36 Mama Veyula
Turudini kwa ndugu yetu. Mistari ya chini, kaka, umewahi kukinga maji ya matone kwenye chupa? Mistari ya juu na ya chini, muda ule ule?

#37 Kichala_Chekundu
Mama nimefanya leo asubuhi baada ya kusoma. Dripa za mwanzo chupa ya nusu lita inajaa, za mwisho haijafika hata nusu. Nyingine zimeziba na kitu cheupe kigumu.

#38 Mama Veyula
Basi mistari ya chini ina KIU. Potasiamu inatembea kwenye maji ya udongo, na inatembea polepole sana. Udongo ukikauka hata ungemwaga gunia, mzizi hauifikii. Rekebisha mpira na presha kwanza.

#39 Mtu wa Hombolo
Kitu cheupe kigumu! Kimetoka wapi kama si kwenye maji ya kisima? Mimi nasimama pale pale.

#40 Maabara ya Mtaani
Cheupe kigumu mara nyingi ni chokaa, kalsiamu kabonati. Inaonyesha maji magumu, haithibitishi sodiamu wala kloridi. Dondoshea siki au ndimu: kikitoa povu ni chokaa. Na maji yenye kalsiamu nyingi yanaleta hoja nyingine, kwamba kalsiamu inashindana na potasiamu na magnesiamu kuingia mzizini. Kwa hiyo hata muuza pembejeo hatujamfukuza bado.

#41 Kichala_Chekundu
Limetoa povu. Nimeamua nipime. Nachukua udongo, maji na majani. Je, majani nachukuaje? Nimesikia ni kikonyo, si jani.

#42 Bwanashamba Mstaafu
Ni kikonyo, ndiyo. Vipimo vingi vya zabibu vimewekwa kwa kikonyo cha jani linalotazamana na kichala, wakati maua yamefunguka. Wakati huo potasiamu chini ya asilimia 1 ni njaa, juu ya 1.5 inatosha. Wewe umeshapita maua, kwa hiyo usizitumie namba hizo moja kwa moja. Fanya ulinganifu: chukua vikonyo 60 mpaka 100 kwenye mizabibu iliyoungua, na idadi hiyo hiyo kwenye mistari ya juu iliyo mizima, umri wa jani uwe mmoja. Mifuko ya karatasi, si ya plastiki, yasije yakaoza njiani. Andika kwenye kila mfuko. Waambie wapime na kloridi na sodiamu, wasipoambiwa wataishia kwenye N, P, K.

Udongo chimba sentimita 0 mpaka 30, na 30 mpaka 60 tofauti, chini ya dripa na katikati ya mistari tofauti. Anzia kituo cha Makutupora, zabibu ndiyo kazi yao, watakuelekeza. Kwa vipimo vya udongo kuna kituo cha Mlingano kule Tanga na chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro.

#43 Kijana wa Ihumwa
Tuwekee majibu hapa mkuu, usituache njiani. Nyuzi nyingi za kilimo zinafia hapo.

#44 Bustani ya Nzuguni
Nimechelewa, ila naona hakuna aliyetaja minyoo fundo. Kichanga, shamba la siku nyingi, miche ya kupandikizwa kutoka vipande vya tawi bila kuungwa kwenye shina jingine. Hao wanapenda hivyo hivyo. Mzizi ukishajaa vinundu haunyonyi maji wala potasiamu, na mmea unaonekana una njaa na kiu kwenye udongo wenye vyote. Kabla hujafunga mifuko yako, chimba mzabibu mmoja wa mstari wa chini, upande mmoja tu, kina cha mkono. Toa mizizi myembamba, ioshe kwenye ndoo, iangalie juani. Ukiona vinundu kama shanga, peleka na mizizi hiyo.

#45 Mtu wa Hombolo
Na maji pia apeleke. Chupa safi, aisuuze kwa maji ya kisima chenyewe, aijaze mpaka juu. Apampu kwanza kwa nusu saa, asichukue yaliyolala kwenye bomba.